Wasomaji Wanauliza: Redio Ikitangaza Mvua na Ngurumo

Vuli inapobisha hodi, barua zinazotufikia kutoka mikoa inayolizunguka Ziwa Victoria huacha kuuliza bei ya mbolea na karo za shule, zikaanza kuuliza habari za mawingu. Mwezi huu tumechagua saba, zote zikihusu taarifa ya hali ya hewa: inavyosomwa redioni na inavyosikika mwaloni, shambani, barabarani na shuleni. Barua tumezifupisha, lakini hoja za wenyewe hatukuzigusa.

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo mmoja hapa Musoma. Jumatatu na Jumanne redio ilitangaza "mvua na ngurumo katika maeneo machache", nami nikawakataza vijana wasianike. Jua likawaka siku zote mbili, dagaa wakaanza kunuka kwenye matenga. Jumatano tangazo likawa lilelile, nikapuuza, nikaanika, na ilipofika saa nane mchana wingu likatokea upande wa nchi kavu, likawakuta dagaa mchangani. Naomba kuuliza: hawa wataalamu wanatabiri au wanabahatisha? (Mama Dagaa, Musoma)

Jibu: Mama, pole sana kwa hasara. Dagaa waliolowa mchangani huishia kuuzwa kuwa chakula cha kuku, na bei yake unaijua kuliko mimi. Hata hivyo, kwa maelezo uliyotupatia, inawezekana kabisa kwamba utabiri ulikuwa sahihi siku zote tatu, na nitajitahidi kueleza sababu bila kukuongezea machungu.

Tangazo ulilolisikia lina mambo mawili ambayo msikilizaji huyapita haraka, yaani mahali na saa. Tuanze na mahali. Utabiri hutolewa kwa mkoa au kwa ukanda mzima, na Mkoa wa Mara unaanzia kwenye mialo ya Musoma na Rorya, unapanda milima ya Tarime, kisha unakwenda kuishia katika mbuga za Serengeti. Wingu moja la radi linaweza kupanda juu kwa zaidi ya kilomita 12, lakini chini yake mvua huangukia eneo la kilomita chache tu, na wingu lenyewe, likiwa peke yake, aghalabu halimalizi saa moja kabla ya kujimwaga na kusambaratika. Mawingu ya namna hiyo huchipuka kama uyoga. Mtabiri akipima joto, unyevu na upepo anaweza kusema kwamba kesho uyoga utaota. Hawezi kusema tangu leo kama utaota nyuma ya nyumba yako au nyuma ya nyumba ya mtu wa Butiama. Kwa hiyo anaposema "maeneo machache" anakuarifu kwamba ukiutazama mkoa wote, sehemu ndogo italowa na sehemu kubwa itabaki kavu. Akisema "maeneo mengi", mizani imegeuka.

Sasa saa. Taarifa ya saa 24 ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitoa jioni huanza kuhesabiwa saa 3:00 usiku wa siku ileile. Wengi wetu tukisikia utabiri wa jioni tunafikiria kesho kuanzia jogoo linapowika, ilhali mvua iliyonyesha saa nane usiku juu ya maji, wewe ukiwa usingizini, imo ndani ya utabiri huo na imeutimiza.

Ukiyaunganisha mambo hayo mawili utaona kwamba Jumatatu na Jumanne mvua ilikuwa na nafasi ya kunyesha kwingine, na Jumatano zamu ikawa yako. Tangazo la "maeneo machache" halitoshi kumfanya mtu aache kazi, na pia halimruhusu kuondoka mwaloni kwenda harusini akawaacha dagaa peke yao. Ni tangazo la kuanika ukiwa macho. Nilipata kukaa kutwa nzima katika mwalo mmoja nikimtazama mama mwenye chanja tatu. Kila chanja ilikuwa na turubai lililokunjwa mwisho wake, limewekewa jiwe, na kwenye mti mrefu alikuwa amefunga kipande cha khanga kuukuu. Sikuelewa kazi ya kile kipande hadi alasiri, upepo uliokuwa ukitoka ziwani ulipokatika ghafla, khanga ikaning'inia, kisha ikageuka na kupepea kuelekea majini huku hewa ikiwa ya baridi. Yule mama hakutazama hata mbinguni. Aliwaita wanawe, wakafunika. Matone ya kwanza yaliangukia turubai kabla hajamaliza kufunga kamba ya mwisho.

Upepo ule wa baridi si miujiza. Mvua inapoanguka ndani ya wingu huivuta hewa pamoja nayo, sehemu ya matone hugeuka mvuke njiani na kuipoza hewa hiyo, nayo ikifika chini husambaa pande zote ikilitangulia wingu. Ndiyo maana anayeanika kwenye chanja huokoa mali kwa dakika chache hizo, wakati anayeanika mchangani hata akiliona wingu mapema hana la kufanya, kwani kukusanya dagaa mmojammoja hakuwezekani.

Swali: Katika simu naletewa ramani zenye rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Je, rangi hizo zinapima wingi wa mvua? (Dereva wa Hiace, Bunda)

Jibu: Rangi zinapima mambo mawili kwa pamoja, yaani uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake likitokea. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa vipimo vinavyotumika nchini, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, lakini milimita 50 zikiangukia nyika isiyo na mtu hazina uzito sawa na milimita 50 hizohizo zikiangukia milima ya mawe ya Mwanza, ambako maji huteremka baina ya nyumba hadi Mto Mirongo ukafurika Mabatini. Chini ya ramani huandikwa maneno mawili mafupi ambayo watu hawayasomi: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Njano inaweza kuwa jambo dogo lenye uhakika mkubwa, au jambo kubwa lenye uhakika mdogo, na dereva anapaswa kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kwa kazi yako, kumbuka vipimo hivi unapofika kwenye maji yanayokatiza barabara: sentimita 30 za maji yaendayo kasi zinatosha kuliyumbisha gari dogo, na sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi, Hiace ikiwemo. Abiria watakaokuambia "pita tu, suka" hawatakulipia gari.

Swali: Mwelekeo wa mvua za vuli umetangaza kwetu "wastani hadi juu ya wastani". Mwaka mmoja nilisikia maneno kama hayo, nikakodi ekari tatu za ziada, mahindi yakaota vizuri kisha yakakauka yakiwa ya kufika magotini. Je, safari hii niamini? (Mkulima, Sengerema)

Jibu: Ndugu mkulima, swali lako ndilo zito kuliko yote ya mwezi huu, nami naomba uvumilie jibu refu.

Kwanza tuelewane juu ya neno "wastani", kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida wastani ni kitu cha kuridhisha, hakijazidi wala hakijapungua. Katika taarifa ya msimu neno hilo lina mipaka. Huchukuliwa kiasi cha mvua kilichonyesha katika msimu huo kwa miaka mingi, kwa kawaida 30, kisha mvua ya kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya kiasi hicho huitwa ya wastani. Tuseme eneo lako hupata milimita 400 kuanzia Oktoba hadi Desemba. Basi milimita 300 ni wastani, na milimita 500 ni wastani vilevile. Milimita 300 na milimita 500 si msimu mmoja kwa mtu mwenye jembe mkononi, lakini kwenye ramani zimepakwa rangi moja.

Pili, taarifa ya msimu hujumlisha miezi mitatu bila kukuambia mvua itagawanyika vipi. Nadhani hapa ndipo ulipoumia mwaka ule. Inawezekana mvua zilinyesha vizuri wiki mbili za mwanzo, zikakatika wiki tatu mahindi yakiwa machanga, kisha zikarudi kwa fujo mwezi wa Desemba zikaujaza msimu hadi ukafika wastani kwenye daftari la mtaalamu. Hesabu yake ilitimia, na mahindi yako yalikwisha kauka. Katika mwelekeo wa msimu kuna sehemu nyingine, ambayo redio nyingi huiacha ili kuokoa muda, inayoeleza mvua zinatarajiwa kuanza wiki ya ngapi, zitakwisha lini na kama zitakuwa na vipindi virefu vya ukavu. Sehemu hiyo itafute kwa afisa ugani wa kata yako, na usimwache mpaka akusomee yote.

Tatu ni uwezekano. Kila kabla ya msimu, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake), utaratibu ulioanza mwaka 1998, na baadaye kila nchi huutengenezea utabiri huo undani wake. Wanachokubaliana ni hesabu ya uwezekano. Tuseme ramani imekupa asilimia 45 za mvua ya juu ya wastani, 35 za wastani na 20 za chini ya wastani. Maana yake ni kwamba katika misimu 20 yenye dalili kama hizi, tisa itakuwa na mvua nyingi, saba itakuwa ya kawaida, na minne itakuwa mikavu ijapokuwa redio ilisema "juu ya wastani". Mtu asiyekopa anaweza kuimeza misimu minne mibaya kati ya 20, ila aliyekopa kwa riba ili akodi ekari tatu huenda asifike wa pili.

Unaweza kuuliza dalili hizo hutoka wapi. Vuli huletwa na ukanda mvua unaolifuata jua likirudi kusini, lakini nguvu yake huamuliwa kwa kiasi kikubwa na Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko yale yaliyo karibu na Indonesia, hewa yenye unyevu humiminika kwetu na vuli huwa kali. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, vuli ambayo wazee wa kanda hii bado huitaja kwa sababu iliyofuata hapo ni miaka ambayo ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Ikawa hivyo mwaka 1997 pamoja na El Niño, na mwaka 2019, na mwaka 2023 ambapo tarehe 3 Desemba tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji mdogo wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Joto la bahari likigeuka upande wa pili, vuli hudhoofika. Bahari hubadilika polepole, na ndiyo sababu mtaalamu anaweza kuthubutu kusema jambo la miezi mitatu mbele wakati hawezi kumwambia Mama Dagaa wa Musoma habari za alasiri yake.

Ushauri wangu ni kwamba ekari zako za kila mwaka uzilime kwa kufuata mwelekeo wa msimu, na mbegu uchague ya muda mfupi, lakini ekari za kukodi zisubiri taarifa ya siku kumi. Usipande kwa mvua ya kwanza. Chimba, kama udongo umelowa kina cha kiganja cha mkono kuanzia kwenye kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, na taarifa ya siku kumi inaonyesha mvua zinaendelea, panda. Kama umelowa juujuu na chini ni vumbi, ile ilikuwa mvua ya kuosha miti. Mimi nilipuuza jambo hilo nilipokuwa kijana, nikapanda choroko kwa mvua moja ya Septemba, na kilichonufaika ni kware.

Swali: Nimevua dagaa kwa zaidi ya miaka 30. Mchana ziwa hutulia kama mafuta kwenye sahani, na usiku wa manane ndipo radi na upepo huanza. Vijana wananiambia ni ziwa limekasirika. Naomba maelezo ya kitaalamu. (Mvuvi mzee, Ukerewe)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Uliyoyaona kwa miaka 30 ndiyo yaliyothibitishwa na setilaiti na rada: radi juu ya Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku na alfajiri, wakati nchi kavu inayolizunguka hupigwa zaidi alasiri.

Ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,134. Mchana jua huichoma nchi kavu upesi kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi hupanda, na upepo hutoka ziwani kwenda kuziba nafasi yake. Mawingu basi hukua huko bara. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa haraka, ilhali maji bado yamehifadhi joto la mchana, na upepo huanza kutoka pande zote, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Entebbe, ukielekea katikati ya ziwa. Pepo hizo zikikutana hazina pa kwenda isipokuwa juu, zikiwa zimebeba mvuke wa maji yenye vuguvugu. Hapo ndipo wingu huzaliwa, na hadi saa nane usiku linaweza kuwa limekua kuliko mlima wowote wa Afrika. Kwa kuwa upepo wa juu huvuma zaidi kutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa magharibi, na ndiyo sababu Bukoba, inayopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ina migomba mirefu na asubuhi zenye mvua, huku Musoma ng'ambo ya pili ikiridhika na chini ya nusu ya kiasi hicho.

Bahati mbaya ya kazi yenu, mzee, ni kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufaa siku za giza, usiku, mbali na ufukwe. Saa za kazi na saa za radi zimeangukiana. Makadirio yanayonukuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba ajali za vyombo katika ziwa hili huchukua maisha ya watu 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika nchi zote tatu, na ni kwa sababu hiyo shirika hilo liliendesha mradi wa HIGHWAY pamoja na nchi za kanda hii kati ya mwaka 2017 na 2020, ili utabiri wa ziwa utaje kasi ya upepo na urefu wa mawimbi kwa lugha ambayo mvuvi anaitumia. Rada ya Mwanza nayo husaidia, ingawa tuelewane kwamba rada huona mvua iliyokwisha kuzaliwa. Manufaa yake ni ya saa moja au mbili, na hayamfikii mtu aliyezima simu ili kuhifadhi chaji.

Kwa hiyo kabla ya kusukuma mtumbwi, sikilizeni utabiri wa ziwa wenyewe, kwani ule wa mkoa husema habari za nchi kavu. Mkiwa majini, tazameni mmuliko wa radi upande wa mashariki hata kama hamsikii ngurumo. Ngurumo husikika kwa umbali wa takriban kilomita 15, na radi usiku huonekana mbali zaidi ya hapo, hivyo radi iliyo kimya inawapa muda wa kuvuta nyavu na kuanza kurudi. Mkingoja hadi hewa iwe ya baridi, mmechelewa: mtumbwi hauna turubai la kufunika ziwa.

Swali: Shuleni kwetu mvua ikianza wanafunzi wenye masweta mekundu huyavua, wengine hufunika vioo, na mlinzi huamuru simu zote zizimwe. Wazazi wengine wanasema radi yenyewe hutumwa. Naomba jibu nitakaloweza kulisoma mbele ya wazazi. (Mwalimu, Geita)

Jibu: Mwalimu, nitajibu kwa uangalifu, kwa sababu mkoa wako una majonzi ya karibu. Januari 2025 radi iliwaua wanafunzi saba wa sekondari moja wilayani Bukombe na kujeruhi wengi.

Rangi nyekundu haiiti radi. Kioo hakiiti radi. Simu ya mkononi isiyochomekwa kwenye chaja haiiti radi, ila iliyochomekwa ukutani inaweza kuuleta umeme mkononi mwako kwa njia ya waya. Radi ni umeme unaotafuta njia fupi kati ya wingu na ardhi, na katika uwanja wa shule njia fupi ni mlingoti wa bendera, mwembe mkubwa, goli la chuma, au mtoto aliyesimama peke yake uwanjani. Kuhusu wazazi wanaosema hutumwa, mimi singebishana nao mbele ya kadamnasi. Ningewaambia kwamba hata anayeamini hivyo hapaswi kumwacha mwanawe chini ya mwembe.

Wafundishe wanafunzi kuhesabu. Sauti huchukua takriban sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Mmuliko ukionekana na ngurumo ikasikika baada ya sekunde tisa, radi imepiga umbali wa kilomita tatu, na inayofuata inaweza kupiga hapo mlipo, kwa maana radi huweza kuruka kilomita kumi na zaidi kutoka kwenye wingu, mahali ambapo mvua haijafika na jua bado linawaka. Kanuni ya shule iwe rahisi: ngurumo ikisikika, mpira, mchakamchaka na gwaride vinakoma, wote wanaingia darasani, na hakuna anayetoka hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wakiwa ndani wakae mbali na madirisha ya chuma, milango, nyaya na mabomba, wasiegemee ukuta, na miguu isiwe mitupu juu ya sakafu iliyolowa. Kibanda cha nyasi au turubai la sherehe halimkingi mtu. Gari lenye paa la chuma linamkinga, pikipiki haimkingi.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, ashikwe mara moja. Wengi hufa kwa sababu moyo umesimama na waliomzunguka wanaogopa kumgusa. Kama hapumui, mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza akikandamize kifua kwa nguvu na kwa mfululizo huku wengine wakitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali.

Vifaa vya kuzuia radi vinafaa, lakini vifungwe na fundi anayejua kuuzika waya ardhini ipasavyo. Chuma kilichosimikwa juu ya paa bila waya mzuri wa kwenda chini ni hatari kuliko paa tupu. Kama fedha za kamati ya shule hazitoshi kufunga majengo yote, ianze na bweni.

Swali: Kwa nini huku Kericho mvua ya mawe huyapiga majani ya chai mara kwa mara, na kule Kisumu ni nadra? (Mchumaji chai, Kericho)

Jibu: Mawe ya mvua huundwa juu sana, mahali penye baridi ya kugandisha, ambapo katika ukanda wetu ni kimo cha mita 4,500 hadi 5,000 hivi. Kericho iko juu ya mita 2,000, Kisumu iko karibu na mita 1,130. Jiwe likianguka Kisumu husafiri karibu kilomita nzima ya ziada katika hewa ya joto, likafika chini limekwisha kuwa tone. Isitoshe, upepo wa alasiri unaotoka ziwani hupandishwa na miinuko ya kwenu na kukutana na ule wa mashariki hapohapo juu ya mashamba ya chai.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba. Ninaweza kupima mvua nyumbani bila kifaa cha dukani? (Mwanafunzi, Magu)

Jibu: Unaweza, mwanangu. Tafuta kopo ambalo upana wake chini na juu ni mmoja, kwa mfano la maziwa ya unga, na si kikombe kinachopanuka. Lifukie nusu ili upepo usiliangushe, mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Kila siku saa 3:00 asubuhi, ambayo ndiyo saa ya kupima katika vituo vya hali ya hewa, tumbukiza rula na usome kina cha maji kwa milimita, ukumbuke kwamba rula nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri. Andika, kisha mwaga.

Milimita moja ni lita moja katika kila mita ya mraba. Paa la nyumba yenu likiwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, mvua ya milimita 50 imeteremsha juu yake lita 3,000, yaani matangi matatu ya lita 1,000, na kama hakuna mfereji wa bati zote zimekwenda kuchimba msingi.

Siku ambayo haikunyesha andika sifuri. Ukiacha nafasi wazi, atakayesoma daftari lako hatajua kama mvua haikunyesha au mpimaji hakuamka.